Uzio Unaoacha Rangi Mkononi

Recheli alipoondoa kiganja chake juu ya bomba la uzio, kilikuwa kimegeuka bluu. Haikuwa bluu ya rangi mbichi, ile ambayo mtu huifuta kwa mafuta ya taa akasahau. Ilikuwa bluu iliyokufa, laini na kavu kama majivu yaliyotiwa wino, na ilikuwa imejipenyeza kwenye kila mstari wa kiganja. Akakipangusa kwenye sketi. Sketi nayo ikachafuka. Akahisi kinyaa, kama cha mtu aliyekanyaga kitu chororo gizani asijue ni nini. Tofauti ni kwamba yeye alijua ni nini.

Ilikuwa Jumatano ya wiki ya mateso. Makaburi ya ushirika wa kanisa, pembezoni mwa Itetemia, Tabora, kando ya kipande cha njia ya zamani ya misafara, yalikuwa yameanza kupata wageni wake wa kila mwaka: wanawake wenye ndoo za chokaa, wanaume wenye fyekeo, watoto waliotumwa kuchota maji. Kwa Wamoraviani hawa Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Alfajiri ya Jumapili, kabla jua halijatoka, husimama katikati ya wafu wao wakiwa na mavazi meupe, tarumbeta zikalia, na mwanga ukipasua mchungaji akatangaza kwamba Bwana amefufuka. Ndiyo maana makaburi husafishwa kama nyumba inayongoja wageni wa harusi. Na ndiyo maana mwaka jana, mwezi wa sita, ushirika ulijichangisha ukaweka uzio mpya wa mabomba ya chuma, bluu ya anga, unaong'aa mpaka mtu aliweza kujiona meno.

Sasa haukung'aa. Ulikuwa na weupe wa ngozi ya mgonjwa. Mvua za masika zilikuwa zimeuosha na kuuteremsha juu ya makaburi yaliyo ukingoni, na michirizi ya bluu ilikuwa imechora misalaba ya saruji kama wanja uliochuruzika usoni mwa mfiwa.

"Ni vumbi tu," alisema mama yake bila kuinua kichwa. Mama huyo, Levina, alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi la mumewe, Gerson, akipaka chokaa kwa brashi ya katani. "Malori ya tumbaku yanapita hapo kutwa. Ukilifuta leo, kesho limerudi."

"Vumbi la bluu, mama?"

"Sasa mimi nijue vumbi la wapi? Wewe ndiye injinia."

Hatua chache kutoka pale, kitoto cha kike cha miaka miwili, mjukuu wa jirani yao, kilikuwa kimeshika bomba la chini kwa mikono yote miwili na kulilamba kwa utulivu, kama kinavyolamba pipi ya kijiti. Recheli alikimbia akakinyakua. Kikalia. Ulimi wake, midomo yake, hata meno mawili ya mbele yalikuwa bluu. Alikiosha kwa maji ya ndoo, kidole kikizunguka ndani ya kinywa kile kidogo cha moto, na kila alipokitoa kidole alikiona kimechafuka tena.

Mji ule ulikuwa na karakana moja tu yenye oveni ya rangi ya unga, nayo ilikuwa ya Erasmus. Rangi hiyo haipakwi kwa brashi. Chuma huoshwa mafuta yote, hupigwa msasa, hutundikwa. Kisha unga mkavu hupulizwa kwa bunduki yenye umeme, ukang'ang'ania chuma kama vumbi linavyong'ang'ania kioo cha televisheni. Halafu chuma huingizwa kwenye oveni yenye digrii mia mbili, unga ukayeyuka na kuwa ngozi moja. Ni kazi safi. Recheli aliipenda tangu alipoiona mara ya kwanza chuoni Mbeya, kwa sababu hakuna tone linalomwagika wala harufu ya tina ya kuchanganyia rangi.

Lakini unga si mmoja. Upo wa ndani, epoksi, mgumu kama gamba la kobe, unaong'aa, wa kupaka vitanda na makabati na rafu za duka. Upo wa nje, poliesta, ambao ukiukwaruza kwa ufunguo utaacha alama, ila jua unalivumilia miaka na miaka. Epoksi ukiuweka juani, miale inaula usoni. Gundi inayoishikilia rangi inakatika, na kile kilichokuwa ngozi kinarudi kuwa unga, kana kwamba hakikuwahi kuingia ovenini. Hilo halikuwa siri ya wataalamu. Lilikuwa ukurasa wa tatu wa daftari lake la mwaka wa pili.

Siku kamati ya makaburi ilipokuja kuchagua rangi ya uzio, mwezi wa tano mwaka jana, Recheli alikuwa na wiki mbili kazini kwa Erasmus. Aliandaa vibati viwili vya bluu ileile, kimoja cha kila unga, akaviweka mezani. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mzee Elieza, mtu mrefu mwenye masikio makubwa, ambaye babu yake alikuwa mhunzi wa majembe yale yaliyobebwa na misafara kutoka Unyamwezi mpaka nchi za mbali. Katika nyumba yao jembe halikununuliwa kwa macho. Lilining'inizwa kwa kamba, likagongwa, likasikilizwa. Likilia kwa mlio mrefu ni zima. Likikohoa lina ufa. Basi Mzee Elieza alitoa nyundo mfukoni mwa koti, kwa sababu alikuja nayo, na akavigonga vibati vyote viwili kwa nguvu zake zote. Kisha akavikwaruza kwa ufunguo wa baiskeli. Kisha akavipinda kwenye ukingo wa meza.

Kibati cha nje kilipata alama tatu. Cha ndani kilibaki kama kilivyotoka ovenini.

"Hiki," alisema Mzee Elieza akikiinua wajumbe wote wakione, "ndicho kilichokula kikashiba."

"Mzee," Recheli alisema, "hicho ni cha kupaka vitu vya ndani. Juani hakitadumu. Hicho kingine..."

"Hicho kingine kimekwaruzika kama papai."

Wajumbe wakacheka. Erasmus ndiye aliyecheka zaidi. Alikuwa mtu wa tumbo na tabasamu, anayemwita kila mtu mwanangu hata waliomzidi umri. "Msamehe, mzee wangu. Binti ametoka chuo juzi, bado ananukia chaki. Eti mwanangu, jua la Tabora unalijua wewe kuliko mzee aliyezaliwa chini yake akaota mvi chini yake?"

Angeweza kujibu. Kwa miezi kumi iliyofuata alijitungia majibu kumi na mawili, mengine mazuri sana. Lakini siku ile alitabasamu tu kama mjinga. Wazee walipoondoka, Erasmus alimletea karatasi ya ubora. Kulikuwa na mstari uliosema: *Rangi hii inafaa kwa matumizi ya nje.* Chini yake nafasi ya sahihi.

"Tia sahihi wewe," alisema. "Ushirika ni wako, baba yako amelala palepale. Wakiliona jina lako watalala usingizi."

Stoo kulikuwa na maboksi kumi na moja ya epoksi yaliyobaki kwenye kazi ya vitanda vya bweni. Recheli aliyaona alipokuwa anaichukua kalamu. Alitia sahihi kwa herufi ndogo kuliko kawaida yake.

Alhamisi asubuhi aliingia karakana bila kusalimia. Erasmus alikuwa ameketi juu ya boksi, akila karanga za kukaanga kutoka kiganjani. Vidole vyake vilikuwa na unga wa rangi, bluu na kijivu, na kila alipotupa punje mdomoni alivilamba. Nyuma yake, zimetundikwa kwenye kulabu, zilikuwa fremu za pembea: tatu kubwa, mbili ndogo, na ngazi ya mteremko wa kuserereka. Zilikuwa za chekechea ya Usinge. Chuma kitupu, kimeshaoshwa, kinangoja rangi.

"Nimetoka makaburini jana," Recheli alisema. "Uzio unatoa unga."

"Najua."

Alidhani hakusikia vizuri. "Unajua?"

"Nilipita mwezi wa kumi na moja, kwenye mazishi ya mwalimu mmoja. Suruali yangu ya suti iliharibika hapa." Akajipiga pajani na kucheka. "Sasa mwanangu, kutoa unga ni ajabu? Wewe mwenyewe usipojipaka mafuta wakati wa kiangazi hutoi unga? Si tunakuona miguu?"

Festo, mpuliza rangi, alicheka kutoka nyuma ya pazia la plastiki.

"Dawa ya ngozi kavu ni mafuta," Erasmus aliendelea. "Jumamosi asubuhi utachukua dumu lile pale, oili chafu na mafuta ya taa, nimeshachanganya. Chukua na matambara. Pakeni uzio mzima. Utang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

"Juu ya makaburi?"

"Juu ya uzio. Nani amekwambia umpake marehemu?"

Recheli aliliangalia dumu. Lilikuwa la lita tano, lilikuwa na mafuta ya kula zamani, na bado lilikuwa na picha ya alizeti pembeni. Ndani yake kilikuwa kitu cheusi kilichosogea polepole alipoligusa kwa kiatu. Harufu yake ilimpanda puani ikakaa.

"Kwa nini Jumamosi?"

"Kwa sababu saa nane mchana Mwalimu Eustadia anaingia na basi kutoka Usinge. Anataka kuiona kazi yetu kwa macho yake kabla hajakubali pembea zipakwe, halafu atalala kwa ndugu zake asali Pasaka hapahapa. Mama mgumu yule, anauliza maswali kama polisi. Akiridhika, Jumanne tunapuliza."

"Tunapuliza unga gani?"

Erasmus aliacha kutafuna. Akayatazama maboksi ya stoo, akamtazama Recheli, akatabasamu kwa upole. Upole huo ndio uliomchefua zaidi. Angetukanwa angejua pa kushika.

"Mwanangu," alisema, "unga upo. Unga wa nje mpaka uagizwe Dar, wiki tatu. Chekechea inafunguliwa baada ya Pasaka."

"Pembea zinashikwa na watoto wa miaka mitatu. Wanatia mikono mdomoni."

"Na watoto wa miaka mitatu wanaijua poliesta?" Akatupa punje ya mwisho mdomoni, akalamba kidole gumba. "Nilikuchukua ukiwa unazunguka mji huu na bahasha ya kaki mpaka viatu vimelegea kisigino. Sikukuuliza uzoefu. Sikukuomba kitu. Nakuomba lita tano za mafuta na matambara. Ni mengi hayo?"

Recheli alitoka nje akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Usiombe kuwa mtu mwenye deni la wema. Ijumaa Kuu yote Recheli aliimba kwaya akiwa hasikii anachoimba. Alilikumbuka jina lake kwenye ile karatasi, limejikunyata pale chini kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango. Alijiambia kwamba Mzee Elieza ndiye aliyechagua. Alijiambia kwamba Erasmus ndiye mwenye karakana. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, na yote mawili yalinuka. Na kila alipofumba macho aliuona ule ulimi mdogo, wa bluu, ukitoka nje kujionyesha.

Jumamosi hakulichukua dumu. Alifika makaburini saa saba mchana akiwa na ndoo ya maji na kitambaa, asijue atafanya nini navyo, na kabla hajafika getini harufu ilikuwa imemlaki. Erasmus hakumngoja. Upande wote wa mbele, kuanzia getini mpaka kona ya kwanza, uzio uling'aa kwa weusi wa bluu, mafuta yakidondoka kwenye nyasi zilizofyekwa asubuhi. Festo alikuwa chini ya kivuli cha ukuta akijifuta mikono. Hakumtazama usoni.

"Dada, mimi natumwa tu," alisema.

"Najua. Hata mimi nilitumwa."

Wanawake waliokuwa wakipaka chokaa walikuwa wamejifunga khanga puani. Mmoja alikuwa anajaribu kuondoa tone jeusi juu ya kaburi jeupe la mama yake, na kila alipofuta lilitanuka. "Hivi hapa ni gereji au ni makaburini?" aliuliza, bila kumwuliza mtu yeyote. Nzi wadogo walikuwa wameshanasa kwenye mafuta ya bomba la juu, wengine bado wanapiga mabawa.

Pikapu ya Erasmus ikasimama. Aliteremka kwanza yeye, akiwa na shati jeupe, kisha Mwalimu Eustadia, mwanamke mfupi wa miaka hamsini hivi, mkoba begani, macho ya mtu aliyezoea kuhesabu watoto. Mzee Elieza alikuwa anawangoja getini akiwa amevaa lile koti lake.

"Mwangaluka," alimsalimu kwa Kinyamwezi, na mwalimu akaitikia kwa adabu akipiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu," alisema Recheli akisogea.

"Marahaba, mjukuu wangu. Njoo umweleze mgeni mambo yenu ya kitaalamu."

"Kwanza aone," alisema Erasmus. "Mwalimu, tazama mng'ao huo. Una karibu mwaka mzima juani."

"Uzuri nauona," alisema Eustadia. "Nguvu yake je? Watoto wangu ni kumi na wanane kwenye pembea moja, hata ukiwapanga foleni. Na harufu hii ni ya nini?"

"Dawa ya kinga tu. Ya sikukuu."

"Kuhusu nguvu," alisema Mzee Elieza, na uso wake ukapata furaha ya kweli, "ngoja nikuonyeshe mwenyewe." Akatoa nyundo. Akaigonga nguzo ya geti mara tatu, na chuma kikalia kwa mlio mrefu uliovuka makaburi yote, wanawake wakageuka. Akamwita mwalimu asogee. "Angalia nilipopiga. Kuna ufa? Kuna ganda lililobanduka? Mimi ndiye niliyeichagua rangi hii. Walitaka kuniuzia nyingine iliyokwaruzika kwa ufunguo wa baiskeli."

Eustadia aliinama akaangalia kwa makini. Hakukuwa na ufa. Akaitikia kwa kichwa polepole, na Recheli akaliona jambo likitendeka mbele ya macho yake kwa mara ya pili: nyundo ileile, mlio uleule, watu wema walewale wakishawishika. Erasmus alikuwa tayari ametoa karatasi ya makubaliano kwenye mfuko wa shati.

"Mwalimu," Recheli alisema, "usiangalie ilipopigwa. Pitisha mkono."

"Mkono?"

"Kama mtoto anavyoshika pembea."

Eustadia alimtazama, akatazama bomba, akalishika. Mkono ulirudi mweusi, unateleza, na bawa la nzi katikati. Alikunja uso.

"Nimesema ni dawa," Erasmus alicheka. "Mwanangu naye, unamshikisha mgeni rangi mbichi."

"Tuende kule nyuma, ambako haijafika dawa," alisema Recheli. Akaanza kutembea. Walimfuata, kwa sababu mwalimu alitangulia kumfuata, mpaka upande wa makaburi ya ukingoni, pale mama yake alipokuwa amesimama na brashi inayodondoka chokaa. Recheli alipitisha mkono wake mwenyewe kwenye bomba, kutoka nguzo hadi nguzo, akaugeuza juu. Kiganja chote kilikuwa bluu kavu. Eustadia akafanya vilevile kwa mkono wake safi. Akaunusa. Akausogeza mbali na mwili wake kama kitu cha mtu mwingine.

"Hili ni vumbi la malori," alisema Mzee Elieza, lakini hakuligusa.

"Siyo vumbi, babu. Ndiyo rangi yenyewe. Huu ni unga wa vitanda na makabati. Jua limeula."

"Mbona nimeupiga na haukutoka? Umeniona nikiupiga."

"Jua halipigi, babu."

Mzee Elieza aliutia mkono wake kwenye bomba mwishowe, mkono mkubwa wenye kucha nene, akausugua mbele na nyuma kama anayeparua ukoko chunguni. Aliuona umegeuka bluu. Kisha akamgeukia Recheli.

"Wewe ulijua lini?"

Erasmus akaingilia, "Mzee wangu, mambo haya ya kitaalamu..."

"Sijakuuliza wewe. Ulijua lini?"

"Siku ileile."

"Siku nilipovigonga vile vibati."

"Ndiyo. Nilisema mara moja, mkacheka, nikanyamaza. Halafu nikaandika kwenye karatasi kwamba inafaa kwa nje, nikatia sahihi." Akamgeukia mwalimu. "Hata pembea za Usinge, unga ulioko stoo ni huuhuu."

Kwa mbali lori lilipita. Mama yake alikuwa ameiacha brashi idondokee juu ya kiatu chake mwenyewe, chokaa ikafunika vidole, naye hakuonekana kuhisi.

"Nilikuwa mjinga," alisema Mzee Elieza hatimaye. "Nimeirithi nyundo, nikadhani nimerithi na akili. Lakini mjinga hakutia sahihi. Msomi ndiye alitia sahihi." Aliyasema bila kupaza sauti, na Recheli angependa apigwe kofi kuliko kusikia maneno yale. Mzee akajipangusa mkono kwenye majani, mara moja, mara mbili. Bluu ikabaki kwenye mikunjo. "Kesho alfajiri, kabla ya tarumbeta, utayasema hayahaya kwa watu wote. Si mimi wala mchungaji. Wewe."

"Nitasema."

Erasmus alikuwa ameikunja karatasi yake vipande vinne. Tabasamu lilikuwa bado usoni ila halikuwa na mwenyewe. "Jumatatu usihangaike kuja kazini, mwanangu," alisema. "Na Jumanne vilevile."

"Mimi Jumanne nitakuja," alisema Mwalimu Eustadia. "Nitakuja na pikapu kuchukua vyuma vyangu. Vikiwa hivyohivyo vilivyo." Akafungua mkoba kwa mkono wa kushoto, akatoa leso, akajifuta, akaiangalia leso, akaitupa kwenye lundo la takataka zilizofyekwa.

Alfajiri ya Jumapili kulikuwa na umande mzito. Watu walikuja na sare nyeupe, wakaingia getini mmoja mmoja wakijikunyata ili nguo zisiguse nguzo, kama watu wanaompita mbwa aliyelala. Kamati ilikuwa imefunga kamba za katani hatua moja kabla ya uzio. Wazee ambao kila mwaka huegemea walisimama bila pa kuegemea. Tarumbeta zilingoja midomoni.

Recheli alisimama kando ya kaburi la baba yake akasema. Hakuchukua dakika tatu. Alisema unga ni upi na jua linafanya nini, alisema alijua, alisema alitia sahihi, alisema watoto wasiruhusiwe kulamba na wanaoshika wanawe mikono. Alimtaja Erasmus mara moja tu, kwamba alijua na akaamuru mafuta. Hakulia, kwa sababu aliona kulia kungekuwa kuomba kitu. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele, aliyechangia uzio ule kwa kuuza mbuzi wake wawili, alitema mate pembeni. Mwingine alisema, "Angalau," kisha hakumaliza. Mchungaji aliinamisha kichwa, tarumbeta zikapigwa, na watu wakaimba kama ilivyo kila mwaka, na jua likatoka nyuma ya mabomba yale yaliyofifia likiyaangaza bila huruma kuanzia juu hadi chini.

Baada ya ibada Mwalimu Eustadia alimsimamisha getini.

"Huo unga wa nje unaosema. Mtu ataujuaje, akiwa kama mimi, asiyejua kusoma maboksi yenu?"

"Adai kibati kilichopakwa. Akifunike nusu kwa kitambaa cheusi, akiweke juu ya bati la nyumba kiangazi kizima. Halafu alinganishe nusu na nusu, na apitishe kitambaa cheupe."

"Kiangazi kizima."

"Ndiyo. Kwa haraka, adai barua ya kiwanda na tarehe ya unga, lakini kibati hakiwezi kuhongwa."

"Basi ukipata unga, niletee kibati Usinge. Sitakuamini kabla yake."

"Usiniamini," alisema Recheli.

Mwalimu akaenda zake. Watu walizidi kupungua, wakipita mbali na uzio, wengine wakimwitikia salamu na wengine wakiangalia chini. Mama yake ndiye aliyebaki mwisho. Tangu jana hakuwa amemsemesha. Alikuwa amesimama mbele ya kamba ya katani, akitazama jinsi michirizi ya bluu ilivyoshuka upya usiku ule juu ya chokaa aliyoipaka kwa siku nne, kichwani kwa Gerson.

"Rangi hii kuitoa yote mpaka chuma," alisema, "inataka msasa wa namba ngapi?"

"Themanini kwanza, mama. Kisha mia na ishirini. Na barakoa, usivute huo unga."

"Duka la vifaa la Asmahani halifungi sikukuu."

"Nitapita kesho asubuhi."

"Tutapita," alisema mama yake, akaivuka kamba, akainama na kuanza kuhesabu nguzo.